Gunia ni la mkulima, ruhusa ya kuliuza ni ya nani?

*Mahindi ya Songea, kahawa ya Kagera na korosho za Tandahimba zimepita mikononi mwa tawala tofauti, na kila utawala umekuwa na sababu zake za kumwambia mkulima auze wapi, kwa nani na lini. Makala haya yanauliza sababu hizo zinaishia wapi.*

Geti la ushuru wa mazao halihitaji mtaji mkubwa. Mti mmoja ulionyooka, jiwe la kuulemea upande mmoja, kamba upande wa pili, kibanda cha mabati na kijana mwenye mashine ya POS. Lori la mahindi likisimama, utingo anateremka na karatasi, kijana anakwea juu ya tela kuhesabu magunia. Karatasi zikitimia, kamba inalegezwa na mti unapanda. Zisipotimia, maongezi yanahamia nyuma ya kibanda.

Sheria iko wazi. Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mzigo usiozidi tani 1 unaotoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa kabisa. Kwa hiyo mama anayewapelekea wanawe wa mjini magunia manne ya mahindi hadaiwi senti.

Hata hivyo atasimamishwa, na ataulizwa kibali. Mbegu alinunua mwenyewe, jembe alishika mwenyewe, mbolea amekopa kwa dhamana ya pikipiki ya mwanawe. Kibali cha nini?

Tunapozungumzia uhuru wa mtu mbele ya Serikali, mara nyingi tunakimbilia mikutano ya hadhara, magazeti na sanduku la kura. Hayo yana uzito wake. Ila katika nchi ambayo wengi wanaishi kwa kilimo, mahali ambapo raia anakutana na dola uso kwa uso ni kwenye mizani, ghalani na getini. Hapo ndipo anapojua kama alichonacho ni chake.

Mlango mmoja, tangu enzi ya mkoloni

Wapo wanaodhani kwamba kumlazimisha mkulima auze kupitia mlango mmoja ni jambo lililoletwa na Azimio la Arusha. Ni kongwe kuliko hapo.

Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro walianzisha umoja wao wa kahawa, KNPA, kwa hiari yao. Walowezi hawakutaka Mwafrika alime zao hilo, na umoja huo ulikuwa ngao. Mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na KNCU, chama kikuu cha ushirika kinachojulikana hadi leo.

Serikali ya kikoloni ikaona faida ya kuwa na mlango mmoja wa kuusimamia. Ikaweka kanuni kwamba kahawa yote ya Wachagga ipite KNCU, utake usitake. Bei ya dunia ilikuwa imeanguka na malipo yalikuwa madogo. Mwaka 1937 fujo zikazuka na majengo ya chama yakashambuliwa.

Waliofanya fujo hawakuwa maadui wa ushirika. Ushirika walikuwa wameubuni wenyewe miaka kumi na miwili nyuma. Kilichowaudhi ni kwamba kutoka humo kulikuwa kumepigwa marufuku.

Baada ya uhuru mfumo uliendelea kwa sura nyingine: mkulima auzie chama cha msingi, chama cha msingi kiuzie chama kikuu, chama kikuu kiuzie bodi. Mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, kazi yao zikapewa mamlaka za mazao na, kwa upande wa nafaka, Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja kukiri hadharani, mwaka 1984, kwamba kuvunja ushirika lilikuwa kosa.

Kilo 30

Katika miaka ya NMC, kusafirisha nafaka inayozidi kilo 30 kulihitaji kibali. Kilo 30 hazifiki hata theluthi ya gunia. Mtu aliyetaka kumpelekea mama mkwe madebe mawili ya mahindi alikuwa tayari kwenye ukingo wa magendo.

Tukumbuke pia hali ya maduka. Kijijini hakukuwa na sabuni, wala kanga, wala betri ya tochi. Mkulima akiiuzia NMC anapewa stakabadhi, fedha zinachelewa, na zikija hakuna cha kununua. Akaamua lililo la busara: akalima cha kumtosha, na ziada akaivusha mpakani usiku.

Serikali ikajibu kwa nguvu. Vita dhidi ya wahujumu uchumi ya mwaka 1983, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliwatia ndani wafanyabiashara wakubwa na wadogo. Sokoine anakumbukwa kwa heshima na wengi kwa uadilifu wake, na heshima hiyo anaistahili. Lakini sabuni hazikuzalishwa na msako. Waliokuwa nazo walizitupa vichakani.

Sabuni hazikuzalishwa na msako. Waliokuwa nazo walizitupa vichakani.

Kilichorudisha bidhaa madukani ni uamuzi wa mwaka uliofuata. Katika bajeti ya 1984, Cleopa Msuya akiwa Waziri wa Fedha, wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi. Kiwango cha nafaka kisichohitaji kibali kikapandishwa kutoka kilo 30 hadi kilo 500. Mwaka 1987, Rais Ali Hassan Mwinyi akiwa Ikulu, vizuizi vya kusafirisha nafaka ndani ya nchi vikaondolewa. Wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa, nusu kwa utani, nusu kwa shukrani.

Kenya ilichukua muda mrefu zaidi: huko vibali vya kusafirisha mahindi kutoka wilaya hadi wilaya vilifutwa kabisa mwishoni mwa 1993.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Mfumo wa NMC ulikuwa na wanufaika wa kweli. Bei moja kwa nchi nzima ilimaanisha kwamba mkulima wa Songea au Sumbawanga, mamia ya kilomita kutoka Dar es Salaam, alilipwa sawasawa na wa Morogoro, na gharama ya lori akaibeba NMC. Ndivyo Ruvuma, Rukwa, Mbeya na Iringa zilivyojijenga kuwa ghala la taifa. Bei moja ilipoondolewa, mkulima wa Ruvuma aliachwa na umbali wake. Anayetetea soko huria bila kulitaja hilo anasimulia nusu ya habari.

Nusu nyingine ni madeni. Gharama zile zililipwa kwa mikopo ya benki ambayo NMC haikuweza kuirejesha, na mwisho wake zikamrudia mwananchi yuleyule.

Mikorosho iliyoachwa porini

Hakuna zao linaloonyesha uzito wa jambo hili kama korosho.

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Msimu wa 1986/87 ilivuna zisizofika 17,000. Ugonjwa wa ubwiriunga ulichangia sana. Lakini kabla ya ubwiriunga zilitangulia operesheni za vijiji: watu wa Mtwara na Lindi walihamishwa kwenye makazi mapya, mikorosho yao ikabaki kilomita nyingi nyuma, majani yakaimeza. Na waliobaki karibu na miti yao walikuta bei ya mamlaka ya korosho hailipi hata jasho la kupalilia.

Biashara ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na salfa ya kupulizia ikapatikana, uzalishaji ulipanda tena hadi zaidi ya tani 120,000 msimu wa 1999/2000.

Uhuru huo ulikuja na vidonda vyake. Wanunuzi walikubaliana bei pembeni. Kangomba, yaani wachuuzi wanaozunguka vijijini na fedha taslimu kipindi cha njaa, walinunua korosho kwa kipimo cha bakuli na kisado kabla hata hazijaanguka mtini. Mtoto anaumwa, ada inadaiwa, mnunuzi yuko mlangoni na noti: hapo hakuna majadiliano ya bei.

Jibu la Serikali lilikuwa stakabadhi ghalani, chini ya sheria ya mwaka 2005, iliyoanza kutumika kwenye korosho msimu wa 2007/08. Mkulima anapeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, AMCOS. Unapimwa, unapelekwa ghala kuu, unaingizwa mnadani chini ya vyama vikuu kama TANECU na MAMCU. Bei ikipatikana yanakatwa makato, kisha fedha inaingia benki.

Kwenye karatasi, ni mfumo mzuri. Wanunuzi wengi wanashindana juu ya mzigo mkubwa uliokwisha kupimwa. Tatizo ni neno moja lililoongezwa: lazima.

Mwaka 2013, malipo ya korosho yakiwa bado yanatolewa kwa awamu, malipo ya pili yalipokuja pungufu ya yaliyotarajiwa, Liwale mkoani Lindi iliwaka moto, na nyumba za viongozi zikachomwa. Mkulima ambaye hakuridhika na AMCOS yake hakuwa na AMCOS nyingine ya kwenda.

Malori ya jeshi

Kisha ikaja 2018.

Katikati ya mwaka huo, sheria ya fedha iliondoa mgawo wa asilimia 65 ya ushuru wa korosho zinazouzwa nje uliokuwa ukirudi kwenye zao lenyewe. Fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Kusini walipinga kwa sauti kubwa wakashindwa. Fedha hiyo ndiyo iliyokuwa ikisaidia kununua salfa.

Oktoba, minada ilipofunguliwa, bei zilikuja chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, wakati msimu uliotangulia zilikaribia 4,000. Wakulima wakagoma kuuza. Hapo walikuwa wakitumia uhuru wao: mzigo wetu, bei hatuitaki.

Rais John Magufuli akaingilia. Novemba 10 aliwaondoa mawaziri wa Kilimo na wa Viwanda na Biashara. Siku chache baadaye akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300, na Jeshi la Wananchi litazisomba. Malori ya jeshi yakaelekea Kusini. Wengi walishangilia, na ukiwa na magunia ghalani ungeacha kushangilia kwa nini?

Furaha ikakutana na uhakiki. Ili kuwanasa kangomba, aliyepeleka zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa athibitishe kwamba korosho ni zake. Timu za wahakiki zikafika vijijini: tuonyeshe shamba, tuonyeshe mikorosho. Mzee aliyekusanya mzigo wa wanawe, mjane aliyekodi miti ya jirani, kijana aliyenunua kwa mwenzake kihalali kwa makubaliano yao, wote waliwekwa kwenye fungu moja la kushukiwa.

Hapo mkulima alikuwa amegeuka mtuhumiwa wa mali yake mwenyewe. Mwenye mali ndiye aliyepaswa kuthibitisha, wakati kwa kawaida ya sheria anayedai kwamba mali ni ya wizi ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha.

Mkulima alikuwa amegeuka mtuhumiwa wa mali yake mwenyewe.

Malipo yalichelewa, kwa baadhi yao kwa miezi mingi. Januari 2019 Serikali ilitia saini mkataba wa kuiuzia kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions, tani 100,000 kwa shilingi bilioni 418. Miezi michache baadaye mkataba ukavunjwa bila mzigo kuchukuliwa. Msimu ule ulitoa takriban tani 225,000, kutoka zaidi ya 310,000 za msimu uliotangulia. Msimu uliofuata minada ya wanunuzi binafsi ikarudi kimyakimya.

Nia haikuwa mbaya, na sidhani hata wapinzani wa Magufuli walidai hivyo. Lakini nyumba yenye mlango mmoja, mwenye ufunguo akighafilika, wote wanalala nje. Kama mkulima wa Newala angekuwa na njia tatu za kuuza, amri moja ya Ikulu, hata iwe imekosewa kiasi gani, isingeweza kusimamisha uchumi wa mikoa miwili.

"Mkiwaachia wataliwa"

Maofisa wa kilimo na viongozi wa ushirika wana hoja, na hoja yenyewe ina miguu.

Wanaonyesha takwimu za karibuni. Msimu wa 2024/25 korosho zilivuka tani 500,000, na bei ya mnadani ikapita shilingi 4,000, chini ya mfumo uleule wa lazima, pamoja na viuatilifu vya ruzuku. Wanasema ukimwachia mkulima auze popote, kangomba atarudi siku hiyohiyo na bakuli lake. Ndiyo maana ufuta, mbaazi, dengu na choroko navyo vimeingizwa kwenye stakabadhi ghalani katika maeneo mengi.

Kwa mahindi, hoja yao ni chakula. Serikali inayowajibika haiwezi kutazama nafaka ikivuka Namanga na Tunduma huku wananchi wanakabiliwa na njaa. Kwa sababu hiyo mauzo ya nje yalizuiwa mwaka 2011, yakazuiwa tena 2017. Na Mei 2023, Wizara ya Kilimo chini ya Hussein Bashe ilipobana taratibu za vibali vya kuuza nje, ilisisitiza kwamba haikupiga marufuku: ilitaka wafanyabiashara wasajiliwe na walipe kodi, na wageni wasiingie hadi shambani.

Kuhusu kusajiliwa sina ugomvi. Kuhusu njaa nina swali: nani analipa?

Mpaka ukifungwa wakati wa mavuno, bei Sumbawanga inaanguka na mtu wa mjini anakula ugali wa bei nafuu. Tofauti ya bei imetoka kwenye mfuko wa mkulima, ambaye kwa kawaida ni maskini kuliko mlaji anayemfadhili. Katiba, ibara ya 138, inasema kodi haitozwi ila kwa sheria iliyotungwa na Bunge. Marufuku ya kuuza nje ni kodi iliyokwepa njia hiyo. Haikujadiliwa, haikupigiwa kura, haina kiwango wala tarehe ya mwisho, na stakabadhi haitolewi.

Na njia nyingine ipo. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, umeundwa kwa kazi hiyohiyo: Serikali ikitaka akiba, iingie sokoni ishindane kwa bei kama mnunuzi mwingine. Hapo gharama ya usalama wa chakula inabebwa na hazina, yaani na sisi sote.

Kagera inafundisha upande mwingine wa kamba. Mwaka 2018 iliamriwa kahawa yote ya wakulima ipite vyama vya ushirika. Ng'ambo ya Mutukula ni Uganda, iliyoachana na ukiritimba wa bodi yake ya kahawa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bei ya upande ule ikiwa nzuri, kahawa inavuka usiku kwa pikipiki. Na butura, ile desturi ya kuuza kahawa ingali ua mtini, haikutoweka kwa amri. Anayeuza ua anahitaji mkopo wa Machi, na amri haikopeshi.

Mizani na mahakama

Kutaka Serikali yenye mipaka si kutaka Serikali iondoke. Lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, ni wizi, na Wakala wa Vipimo una kazi ya kuukomesha. Bakuli la kangomba nalo ni kipimo haramu, na sheria ya vipimo inatosha kumshughulikia bila kumfungia mkulima njia zote za soko. Wanunuzi wanaokula njama ya bei wana sheria ya ushindani inayowahusu. Mkataba ukivunjwa kuna mahakama. Hizo ni kazi ambazo mkulima hawezi kuzifanya peke yake, na ndizo hasa zinazofanywa kwa ulegevu.

Serikali ishike mizani. Gunia iliache kwa mwenyewe.

Katiba yetu imeweka msingi. Haki za raia ziliingizwa humo mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Ibara ya 24 inalinda haki ya mtu kumiliki mali. Ibara ya 30 inaruhusu haki kubanwa kwa manufaa ya umma, na humo ndimo vizuizi vingi vilimopitishwa.

Ila Mahakama ya Rufani ilikwisha kuuwekea mlango huo komeo. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, raia walipinga sheria iliyowataka waombe idhini ya Serikali kabla ya kuishitaki Serikali yenyewe. Mahakama ilikubaliana nao. Ikasema sheria inayobana haki lazima ipite vipimo viwili: isiwe ya kumpa mtawala nafasi ya kuamua apendavyo, na isibane zaidi ya kiasi kinachohitajika kwa lengo lililokusudiwa.

Chukua vipimo hivyo uende navyo ghalani. Lengo la stakabadhi ghalani ni mkulima apate bei nzuri. Je, ili apate bei nzuri ni lazima akatazwe kuuza penginepo? Kama mnada unalipa 4,000 na kangomba analipa 2,000, hakuna polisi anayehitajika kumwelekeza mtu mnadani. Anayeuza kwa 2,000 anakimbia kitu kingine: malipo yanayochelewa, makato asiyoelewa, au shida ya leo isiyoweza kungoja mnada wa wiki ijayo.

Viongozi wa AMCOS wana jibu moja ambalo haliwezi kupuuzwa. Chama kikimkopesha mkulima pembejeo, kisha akauza mzigo kwingine, deni linabaki kwa wenzake na chama kinakufa. Ni kweli; vyama vimekufa hivyo. Basi kifungo kiwe kwa aliyekopa, kwa kiasi alichokopa, kwa mkataba aliousaini, na kesi isikilizwe mahakama ya mwanzo. Jirani yake aliyenunua salfa kwa fedha zake dukani hajaingia mkataba na mtu, na hana deni linalotosha kumzuia kumpimia korosho zake mnunuzi anayemtaka.